Mashuka ya Krismasi: Miaka Tisa Ukweni Kando ya Ziwa Siljan

Ujumbe wa kwanza niliowahi kupokea kutoka kwa wifi yangu ulikuwa na maswali matatu. Ulifika mwishoni mwa Oktoba, miezi minne baada ya ndoa yetu kufungwa, na uliuliza tutafika tarehe ngapi, tutaleta chakula gani mezani, na kama tutakuja na mashuka yetu ya kutandika au tungependa kuazimwa. Swali la tatu lilinichoma. Nimelelewa Kagera, katika nyumba ambayo mgeni akipiga hodi saa nne za usiku, mama huwaamsha watoto, hutandika shuka lililofuliwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya siku kama hiyo, nao watoto huhamia mkekani bila kunung'unika. Kumwambia mgeni aje na shuka lake, kwetu, ni kumjulisha kwamba ujio wake ni mzigo. Nilimwonyesha mume wangu ujumbe ule nikitarajia aone aibu kwa niaba ya dada yake. Aliusoma, akaniambia mashuka yako kabatini upande wa kushoto, akaendelea na shughuli zake.

Tangu siku ile nimekwisha kula Krismasi tisa ukweni, na kila nikipiga simu nyumbani kuwatakia heri, yupo ndugu atakayeniuliza swali lilelile: hivi Wazungu wana undugu kweli? Huuliza kwa huruma, kama mtu anayemuuliza mwenzake iwapo kule aliko kuna maji. Nimeona leo niwajibu kwa urefu, kwa sababu jibu la simu halitoshi.

Sisi tunaishi Sweden, katika Västerås, mji usio mbali sana na Stockholm. Ukweni ni Rättvik, katika jimbo la Dalarna, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari kuelekea kaskazini-magharibi. Nyumba yenyewe ni ya mbao, imepakwa ile rangi nyekundu iliyokoza ambayo asili yake ni mgodi wa shaba wa Falun, na kutoka dirisha la jikoni mtu huona ziwa Siljan likiwa limeganda au likiwa katika kuganda. Tarehe 24 Desemba jua huchomoza huko baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Mtu aliyezaliwa karibu na Ikweta, ambako jua hushika zamu yake mwaka mzima bila kubadilisha saa, hawezi kulielewa giza hilo kwa kusimuliwa. Nililielewa pale nilipoona kwamba karibu kila dirisha la kila nyumba tuliyoipita njiani lilikuwa na kinara cha taa saba za umeme zilizopangwa kama paa la nyumba, au nyota ya karatasi yenye taa ndani. Mapazia yalikuwa wazi. Nilimuuliza mume wangu kwa nini watu wasiopenda kutazamwa wameacha mapazia wazi, akaniambia taa hizo huwekwa kwa ajili ya anayepita nje.

Tulikuwa watu kumi na tisa mwaka ule wa kwanza. Kilichonihangaisha haikuwa baridi wala chakula, bali nitawaitaje. Mwaka 1967 Bror Rexed, alipoanza kazi ya ukurugenzi mkuu katika idara ya afya ya taifa ya Sweden, aliwatangazia wafanyakazi wake kwamba angemwita kila mmoja kwa jina lake la kwanza, na jina lake limebaki katika kumbukumbu za mageuzi yaliyoenea nchi nzima kwa muda mfupi. Vyeo na viwakilishi vya heshima viliwekwa kando, na tangu hapo mwanafunzi humwita profesa kwa jina, mgonjwa humwita daktari kwa jina, na mkwe humwita mama mkwe kwa jina alilobatizwa. Mama mkwe alinishika mikono miwili mlangoni, akanitajia jina lake la kwanza na kunisihi nilitumie. Kwa siku mbili nzima sikumwita chochote. Nilisubiri anitazame ndipo niseme nililotaka kusema, na nilipohitaji kumwita kutoka chumba kingine nilitembea hadi alipo. Ulimi ulikataa kabisa. Ni sawa na kuniamuru nimpite mzee barabarani bila kumwamkia.

Ufumbuzi aliuleta mpwa wa mume wangu, mtoto wa miaka minne wakati ule, aliyekuwa akikimbia huku na huko akiita watu. Nilimsikiliza, nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mama yake mama alimwita mormor, na mume wangu alimwita morbror. Binamu yake, mtoto wa shemeji yangu, alimwita bibi huyohuyo farmor, na wifi yangu alimwita faster. Nilimkamata mume wangu jikoni nikamtaka anieleze. Far ni baba na mor ni mama, na kila jina la ndugu linakuonyesha upande ulikotoka: faster ni dada wa baba, moster ni dada wa mama, farbror ni kaka wa baba, morbror ni kaka wa mama. Basi nikakaa chini. Kumbe faster ni shangazi, na morbror ni mjomba! Kiingereza nilichosomeshwa tangu darasa la tatu huwachanganya wote hao katika maneno mawili, nami nilikuwa nimeamini kwamba Wazungu wote huchanganya hivyohivyo, ilhali hawa wana lugha ambayo haikubali umtaje bibi yako bila kusema ni bibi wa upande gani. Tofauti na sisi, wao hawaongezi ukubwa na udogo. Moster ni moster, awe amemtangulia mama au amemfuata. Na mama mdogo wao haitwi mama. Hilo naona ni pengo, na sijaacha kulisema.

Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, shida yangu ikaisha. Kwetu mzazi huchukua jina kutoka kwa mtoto, na mkwe hupitia kwa mjukuu kumheshimu bibi. Nilianza kumwita mama mkwe farmor, kama mwanangu atakavyomwita. Hakusema neno, lakini nilimsikia jioni akimwambia dada yake kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyepewa kitu, kwamba mkwewe anamwita farmor.

Lipo pia neno ambalo nimelionea wivu. Shemeji yangu aliachana na mke wake wa kwanza, akaoa mwanamke mwenye watoto wawili. Watoto hao zamani wangeitwa kwa neno lenye ukali uleule wa kambo. Siku hizi Waswidi wengi husema bonusbarn, yaani mtoto wa nyongeza, kama vile mtu aliyepewa zaidi ya alichostahili. Lakini uzuri wa neno hauondoi mgawanyo wa siku. Watoto wa shemeji huja kwa farmor mwaka mmoja na mwaka unaofuata huenda kwa mama yao, na kuna miaka ambapo saa sita mchana wa tarehe 24 gari huja kuwachukua, wakavaa makoti huku chakula kikiwa kinapangwa mezani. Nimemwona shemeji amesimama uani hadi taa za gari zikapotea kwenye kona, na hakuna aliyetoka kumwita ndani, kwa sababu huko kumwacha mtu na uchungu wake ni namna ya kumstahi. Mimi nilitoka. Tulisimama wote kimya kwenye theluji, na sijui kama nilifanya vyema.

Sikukuu yenyewe ni mkesha, tarehe 24, ingawa kwa mtu wa nje huonekana kama imeanza usiku wa tarehe 23. Usiku huo watu hukesha wakifunga zawadi, na paja la nguruwe lililokaa katika chumvi huingia jikoni. Farmor huchomeka kipimajoto katikati ya nyama na kusubiri nyuzi 70, kisha huitoa, huichuna ngozi ikiwa ya moto, na kuipaka mchanganyiko wa yai, haradali na sukari kabla ya kunyunyizia chenga za mkate na kuirudisha kwenye tanuri iwe ya hudhurungi. Miaka mitatu nilisimama pembeni nikiambiwa nipumzike. Mimi ni mkwe; kukaa kitako jikoni mwa mama mkwe huku yeye akiwa amesimama kulinitesa kuliko kazi yoyote. Mwaka wa nne farmor aliniita, akanipa brashi ya haradali, akasogea kando. Brashi hiyo mpini wake umechakaa upande mmoja mahali kidole gumba kinapokaa, na kidole gumba changu kilikaa palepale. Watu hukata kipande cha kwanza usiku uleule, kikiwa bado cha moto, na kukila wamesimama, na kwangu hicho ndicho kitamu kuliko vyote vinavyokuja kesho yake.

Asubuhi ni wali uliopikwa kwa maziwa hadi ukawa kama uji mzito, wenye mdalasini na lozi moja iliyofichwa. Atakayeipata lozi, husemwa, ataolewa au ataoa katika mwaka unaokuja. Mchana watoto huchomeka karafuu kwenye machungwa na kuyatundika kwa utepe, na harufu ile ya karafuu na iliki iliyo kwenye mikate yao ndiyo kitu cha kwanza katika nyumba hii kilichonifanya nijisikie sijapotea. Ikifika saa tisa alasiri kamili, kila mtu huketi mbele ya televisheni kutazama katuni za Donald Duck na wenzake, kipindi ambacho televisheni ya taifa imekirusha kila mkesha wa Krismasi tangu mwaka 1960. Wazee wa miaka themanini husema maneno kabla hayajasemwa. Nilidhani ni utoto. Baadaye nikaona kwamba baba mkwe, aliyefariki mwaka wetu wa tano, alikuwa na sentensi yake moja aliyoisema kila mwaka kabla ya mhusika kuisema, na Krismasi iliyofuata, ilipofika sentensi ile, chumba kizima kilinyamaza na hakuna aliyeisema.

Kisha meza. Kila nyumba imeleta sahani yake, na sahani hazibadiliki: wifi huleta viazi vilivyookwa kwa malai, vitunguu na samaki wadogo wa kopo, wanavyoviita Janssons frestelse, shemeji huleta samoni mbichi aliyekolezwa kwa chumvi, sukari na bizari ya majani, mimi, baada ya kujadiliwa kwa mwaka mzima, huleta pilau. Kuna utaratibu wa kupakua, na siku ya kwanza niliuvunja bila kujua kwa kujaza kila kitu sahani moja kama tufanyavyo arusini. Unaanza na samaki wa baridi peke yao, hasa heringi waliolowekwa kwenye siki na sukari, unabadilisha sahani, unakuja kwenye nyama za baridi, unabadilisha tena, ndipo vya moto. Watu husimama na kukaa mara nne au tano, na katika kule kusimama na kukaa hujikuta wameketi karibu na mtu mwingine. Nimejifunza habari nyingi za ukoo huu kwa sababu ya kubadilisha sahani.

Heringi wale wabichi walinishinda mwaka wa kwanza, na nilisema hivyo. Mezani palikuwa na ukimya mfupi. Nikawaeleza kwamba kwetu Kagera, wakati huuhuu wa Novemba na Desemba, watu hukesha kukamata senene, huwachambua mbawa na miguu, huwakaanga hadi wakavunjika mdomoni, na kwamba mgeni anayewakataa hachukiwi, bali husubiriwa. Aliyecheka kwa furaha kuliko wote alikuwa moster wa mume wangu, dada mkubwa wa farmor, mwanamke aliyekuwa akipindua miaka themanini na mitano. Aliweka uma chini, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, neno moja moja: "Senene. Tamu sana. Na chumvi kidogo." Hakuna aliyekuwa ameniambia. Aliwahi kuwa muuguzi wa misheni upande wetu wa ziwa Victoria alipokuwa kijana, katika miaka ambayo Walutheri wa Bukoba walikuwa chini ya Bengt Sundkler, Mswidi aliyekuwa askofu wao wa kwanza, kabla ya Josiah Kibira kushika nafasi hiyo mwaka 1964. Kwa hiyo mzee huyu aliijua barabara ya kwetu kabla sijazaliwa. Nilisimama, nikamzunguka mezani, nikapiga goti kidogo kama nilivyofunzwa, nikasema shikamoo. Aliitika marahaba kwa wepesi ambao hausahauliki kwa miaka hamsini.

Hesabu ya viti ndiyo sehemu ambayo tulipishana. Kwetu chakula cha sikukuu hupikwa kwa kukisia. Akija asiyetarajiwa, mchuzi huongezwa maji na wali hupunguzwa kwa kila mtu kijiko kimoja. Farmor hujua idadi ya watu tangu Novemba, na huandika karatasi inayobandikwa kwenye jokofu. Mwaka wa sita, tarehe 22, nilimpigia simu kumwambia kuna kijana Mtanzania anayesoma chuo kikuu Uppsala, ambaye bweni lake lote limehamwa na atakuwa peke yake mpaka Januari, nami nimekwisha kumwambia aje. Kimya chake kwenye simu kilikuwa kirefu. Mume wangu alinieleza baadaye kwamba kosa halikuwa kumleta mgeni, lilikuwa kumwalika kabla ya kuuliza, na alikuwa na haki. Tulipofika, kiti cha ishirini kilikuwapo: kigoda cha kukamulia maziwa kilichotolewa ghalani, kimesuguliwa, kimewekewa mto mwekundu. Na mbele yake, chini ya mti, kifurushi chenye jina la kijana yule, ndani yake soksi za sufu. Farmor alikuwa amezifuma kwa siku mbili. Nilipoziona nilitoka nikasimama bafuni mpaka nikaweza kurudi.

Zawadi zenyewe haziruhusiwi kupokelewa kimya. Juu ya karatasi huandikwa beti fupi yenye vina, inayodokeza kilichomo bila kukitaja, na mpokeaji huisoma kwa sauti na kukisia kabla ya kufungua. Mtu wa pwani angekitambua kitendawili hicho mara moja, na hata mimi wa bara nilikuwa na mtaji. Mwaka wa pili niliandika kwa Kiswidi chenye kuyumba. Mwaka wa tatu niliona hapana, nikamfungia farmor khanga, na juu yake nikaandika:

Si sweta wala blanketi, ila nitakupa joto;
Nasema bila sauti, nina maneno mazito.

Moster aliitafsiri, farmor akakisia kwamba ni kitabu. Alipoifungua, ilibidi nieleze kwamba kila khanga ina jina lake, na ile ilisema "Nani kama mama". Anaivaa jikoni, juu ya gauni, kila tarehe 23 tunapopaka haradali. Upande wa maandishi ameuacha mbele.

Asubuhi ya tarehe 25 huwa ni ibada ya alfajiri katika kanisa la Rättvik lililo ukingoni mwa ziwa, ambako zamani watu walifika kwa vigari vya kukokotwa na farasi juu ya theluji. Huenda wachache siku hizi. Moster alikuwa haikosi, nami nilikuwa nikimshika mkono kwenye barafu. Alifariki mwezi wa Machi uliopita.

Sitawaficha ndugu zangu yale ninayoyaona kuwa ni upungufu. Kwa siku tatu zile hakuna jirani aliyewahi kupiga hodi. Ng'ambo ya barabara anaishi mzee mmoja peke yake, na taa yake huwaka kama za wengine, lakini kumpelekea sahani bila kumtaarifu kungeonekana kumdhalilisha. Mwaka jana nilipeleka tu, akaipokea, akarudisha sahani imeoshwa ndani ya saa moja. Tarehe 27 saa nne asubuhi kila familia imepakia gari, vitanda vimevuliwa mashuka, na nyumba iliyokuwa na watu ishirini hubaki na mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Tulipoondoka mara ya kwanza baada ya baba mkwe kufariki, nililia ndani ya gari kwa ajili yake, na mume wangu hakuelewa kwa nini. Siku hizi humpigia mama yake simu jioni ile ile tunapofika, naye husema amechoka na anafurahia ukimya. Nadhani husema kweli, ila si kweli yote.

Mwezi Mei farmor alituambia kwamba nyumba imekuwa kubwa mno na ngazi zimekuwa nyingi, na akauliza, kwa kutangulia miezi saba kama kawaida yake, iwapo Krismasi inaweza kuhamia kwetu Västerås. Nilikubali kabla mume wangu hajafungua kinywa. Karatasi iko kwenye jokofu letu sasa, ina majina ya watu kumi na wanane, na chini yake nimeacha mistari miwili mitupu. Brashi ya haradali imeletwa kwa posta, imefungwa katika khanga.

Wiki iliyopita ulikuwa wakati wangu wa kumwandikia wifi maswali. Nilimuuliza watafika tarehe ngapi, na kama ataleta viazi vyake. Akajibu yote mawili, kisha akauliza kama walete mashuka manne au sita. Nilimjibu wasilete hata moja. Alikaa siku nzima bila kujibu, halafu akapiga simu, jambo ambalo halifanyi kwa kawaida, akauliza kwa upole kama nina hakika, kwa sababu kufua mashuka ya watu wote hao ni kazi kubwa. Nikamwambia wifi yangu, hiyo ndiyo kazi ninayoitaka. Nimenunua jozi kumi na moja, nimezifua zote, na zimetandazwa sebuleni zikauke.